Chinsaga ya Mama Tevin Yapanda Paani

"Hayo majani yana vidole vitano," Githinji alisema.

Hapo ndipo tulipomwacha Kerubo wiki jana. Alikuwa katikati ya ngazi ya kupandia paani, beseni mikononi, na leso iliyofunika beseni ilikuwa imeteleza. Mbele yake alisimama Githinji, mwenyekiti wa jumba, taulo shingoni na mswaki mdomoni.

Mswaki ukaanguka.

"Ni mboga, mwenyekiti," Kerubo akasema.

"Mboga haina vidole."

"Hii inavyo."

"Mama Tevin, mimi ni mtoto wa Nakuru mjini. Mboga ninazozijua ni mbili, sukuma na kabeji, na hakuna hata moja inayoweza kunipa mkono. Hiyo ni ile kitu."

"Kitu gani?"

Githinji akatazama juu, akatazama chini, kisha akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa beseni. "Ile ya kuvutwa," akanong'ona.

Msomaji wangu, wewe na mimi tunaujua ukweli, maana tulikuwepo mama mkwe alipozituma zile mbegu kutoka Nyamira ndani ya soksi ya mtoto. Ni chinsaga. Watu wa pwani huiita mgagani, na wa Bonde la Ufa husema sageti. Kwa Wakisii, mwanamke akijifungua tu, bibi wa nyumba hutangulia shambani kuchuma chinsaga kabla hata hajauliza mtoto anafanana na nani. Ni chungu, hupikwa polepole kwa maziwa, na husemwa kwamba ndiyo inayoliambia titi lifanye kazi.

Naye Kerubo alitaka sana titi lifanye kazi. Tevin alikuwa akinyonya kidogo, kisha anaachia na kumtazama mamake kama mgeni aliyekaribishwa chai akaletewa nusu kikombe. Muuguzi wa kliniki alimwambia anywe maji, apumzike, amnyonyeshe mara nyingi. Alifanya yote. Lakini kila jioni akimvua mtoto nguo alikipima kipaja chake kwa vidole, na kila jioni vidole vilikutana.

Basi alipanda. Alipanda bafuni, katika mikebe ya maziwa ya unga, chini ya taa ambayo mumewe Collins alikuwa ameifunga juu ya kioo. Chinsaga ikaota, ila ikaota kama watoto wa bweni: miche mirefu, myembamba, rangi imeitoka, yote imeinamia taa kama inayoomba ruhusa ya kwenda nje. Mama mkwe alipoiona kwenye simu alisogeza uso mpaka ukajaa kioo.

"Hiyo mboga inakula nini?" akauliza. "Taa? Toa nje ikule jua, mwanangu."

Ndiyo maana ya ngazi, beseni na leso. Na sasa hapa kulikuwa na Githinji, katika nchi ya Waarabu ambayo neno alilolinong'ona halifanyiwi mzaha na mtu mwenye akili zake.

"Kikao," Githinji akatangaza. "Jikoni. Wote waje, na hiyo beseni ije."

* * *

Jumba lao la Al Wukair limekatwakatwa vyumba kama mkate, na jiko ni moja. Jumamosi hiyo Collins alikuwa lindoni kule Al Sadd. Waliobaki walikuwa Njenga, kijana wa kompyuta, na Scovia, Mganda anayetandika vitanda vya hoteli, aliyekuwa ametoka zamu lakini bado amembeba Tevin mgongoni ili Kerubo apate mikono miwili.

Beseni likawekwa mezani. Watu wakakaa mbali nalo.

"Ajenda ni moja," Githinji akasema. "Mama Tevin atuambie hii inaitwa nini."

"Chinsaga."

"Hilo ni jina la mtaani. Nataka la serikali."

Scovia akanyoosha shingo. "Banange. Hii si eshogi? Kwetu Mbarara tunakula hii na karanga."

"Mnaila," Githinji akarudia taratibu. "Kwa hivyo unakiri."

"Ninakiri nini, ssebo? Ni mboga."

"Mwenyekiti, hebu tulia," Njenga akaingilia. "Ile kitu majani yake yana meno pembeni, kama msumeno. Hii ni laini kabisa. Halafu hata harufu yake..."

Jiko zima lilikuwa limemgeukia.

"Na wewe umejuaje?" Githinji akauliza.

"Nimeona kwa filamu."

"Filamu ina harufu?"

Njenga akafungua friji, akaanza kutafuta kitu ambacho hakikuwamo.

"Jamani, tafuteni kwa simu," Kerubo akasema. "Wekeni picha mbili, ya hii na ya ile. Mtu aangalie kwa macho yake, tumalize."

"Kwa simu ya nani?"

Simu tatu zilizokuwa mezani zikatoweka mifukoni kwa pamoja.

"Mimi niandike hilo neno?" Njenga akauliza akiwa bado ndani ya friji. "Hapa? Kwa simu ya kampuni? Zii, msee. Mimi nina mama."

"Yangu bando limeisha," Scovia akasema.

Githinji akaeleza kwamba simu ya mwenyekiti ni ya shughuli za mwenyekiti.

"Basi tumpigie mama mkwe, awaonyeshe shamba lake."

"Si ndiye aliyetuma mbegu? Mama Tevin, mshtakiwa wa pili hawezi kuwa shahidi wa mshtakiwa wa kwanza. Hata kortini haiendi hivyo." Githinji akakuna kidevu chenye povu la dawa ya meno lililokauka. "Njia ni moja. Wewe ule."

"Nile?"

"Jani moja bichi. Halafu sisi tukuangalie. Mtu akimeza ile kitu huanza kucheka bila sababu. Ukikaa bila kucheka, ni mboga, na mimi nitakuomba msamaha mbele ya hawa."

"Na wewe umejuaje?" Njenga akauliza kutoka kwenye friji.

Githinji akajifanya hakusikia.

Kerubo akachagua jani dogo kuliko yote, akaomba radhi kimoyomoyo kwa mche wake, akatafuna. Uchungu ukamvuta mashavu. Akameza. Akakunja mikono mapajani kama msichana wa kipaimara.

Wakamwangalia.

Githinji alimwangalia kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili. Njenga alitoka kwenye friji na kuchuchumaa ili amwone kwa chini. Scovia, ambaye alijua fika kwamba ni mboga, naye alikuwa ameanza kuogopa, maana woga wa watu wengi huambukiza kama mafua.

"Macho yamekuwa mekundu," Njenga akanong'ona.

"Ni usingizi wa mtoto," Kerubo akasema.

"Mshtakiwa asiongee."

Bomba lilidondosha tone. Kiyoyozi kilikohoa. Na hapo, kutoka mgongoni mwa Scovia, Tevin akajamba. Halikuwa shuta la mtoto mchanga. Lilikuwa refu, lenye mwanzo na mwisho, la mzee aliyeshiba harusini.

Na Githinji, aliyelelewa kanisani na hawezi kusikia mtu akipiga chafya asimwombee, akainamisha kichwa na kusema kwa heshima zote, "Pole, baba."

Kerubo alijikaza. Aliuma mdomo, akafikiria misiba, akafikiria nauli za ndege. Halafu akakiona kile kidevu chenye povu, na kicheko kikamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Alicheka mpaka akalalia meza. Kila alipoinuka, aliuona uso wa Githinji, akarudi kulala tena.

"Ameanza," Githinji akasema kwa huzuni. "Njenga, umeona? Ameanza."

"Si hiyo, mwenyekiti," Kerubo akajitahidi. "Ni wewe."

"Wote husema hivyo." Akasimama. "Kwa mamlaka niliyopewa na jumba hili, beseni liende chooni, livutwe maji, na neno hili lisisikike tena."

Kicheko kikamkatika Kerubo kooni. Alilikumbatia beseni lote, mikebe ikagongana.

"Mwenyekiti, hapa nina mtoto wa kulisha. Ukiimwaga hii, utampa wewe maziwa?"

Githinji akatazama kifua chake mwenyewe.

Akiwa bado anakitazama, gari likapiga honi langoni.

Njenga akachungulia dirishani, akarudi amebadilika rangi. "Ni mandubu."

* * *

Mandubu ni mwakilishi wa mwenye nyumba. Ndiye mwenye funguo zote, ndiye mwenye neno la mwisho, na siku hiyo, kama alivyoahidi na wote wakasahau, alikuwa amekuja kukagua tangi la maji paani.

"Ficha," Githinji akasema.

"Si umesema liende chooni?"

"Kile choo hurudisha, wewe hukijui? Ficha, mama. Akiona hii tumekwisha wote. Gazetini hawataandika Mama Tevin na wenzake. Wataandika mwenyekiti."

"Chumbani kwako kuna nafasi," Njenga akasema.

"Kwangu nimepaka rangi."

"Mwaka jana."

"Bado haijakauka. Kwako?"

"Kwangu kuna kompyuta za watu."

Hatua zikasikika uani. Kerubo ndiye aliyefikiri haraka, kama mama yeyote ambaye amewahi kuficha biskuti. Kigari cha Tevin kilikuwa mlangoni. Akapanga mikebe ndani, mmoja kando ya mwenzake, akaifunika kwa blanketi la sungura, akavuta kifuniko mbele. Mlango ukafunguliwa Githinji akiwa ameshika mpini wa kigari na kukisukuma mbele na nyuma, huku akiimba wimbo wa kubembeleza ambao maneno yake aliyajua mawili tu.

Mandubu Idrisi ni Msudani mnene na mpole, kanzu yake nyeupe kama unga wa ngano. Scovia, ambaye kabla ya hoteli alifanya kazi miaka mingi nyumbani kwa watu kule Muaither, ndiye aliyekuwa mkalimani wa Kiarabu wa jumba.

Mandubu akasalimia kila mtu, akauliza afya za watu, akauliza kama maji yanatoka. Kisha akaona kigari, uso wake ukayeyuka.

"Anauliza mtoto ni mvulana au msichana," Scovia akatafsiri.

"Ni wengi," Githinji akasema.

Kerubo akamkanyaga.

"Ni mmoja. Mvulana. Amelala sana."

Wakati huohuo Tevin akapiga chafya mgongoni mwa Scovia. Mandubu akamtazama Tevin. Akatazama kigari. Akatazama Tevin tena.

"Anasema, kumbe ni pacha?"

"Pacha," Githinji akakubali upesi. "Ndiyo, pacha kabisa."

"Anasema mashallah. Ila anasema kwenye mkataba wa nyumba aliandikiwa mtoto mmoja. Huyu wa pili alizaliwa lini?"

Njenga akafunga macho.

"Juzi," Githinji akasema, kisha akajisikia alilolisema. "Yaani alichelewa."

Mandubu akacheka, akavua miwani, akainama juu ya kigari kumwona aliyechelewa. Kerubo alinyoosha mkono, lakini mkono wa mandubu ulikuwa umeshafika. Blanketi la sungura likainuka.

Msomaji, kuna kimya, halafu kuna kimya cha watu wanne wanaojiona tayari uwanja wa ndege, wakirudishwa kwao. Githinji aliachia mpini, akaiweka mikono yake miwili mbele, viganja pamoja, tayari kwa pingu.

Mandubu alitazama mikebe muda mrefu. Akachuma jani. Akalisugua kwa vidole, akalinusa, macho yakamfunguka. Kisha akalitia mdomoni.

"Amekula ushahidi," Njenga akanong'ona.

Mandubu akatafuna, akameza, akashika ukingo wa kigari kama mtu aliyeitwa kwa jina na sauti aliyodhani haipo tena. Alipoongea, aliongea taratibu, na Scovia akatafsiri taratibu.

"Anasema hii ni tamaleika. Anasema kwao Kordofani inaota yenyewe mvua ikinyesha, na mamake alikuwa anawatuma kuichuma na vikapu. Anasema hajaiona tangu aje nchi hii." Scovia akasikiliza tena. "Anauliza kwa nini mmeilaza na blanketi."

Githinji akashusha mikono. Akaifuta kwenye taulo. Akasogea mbele hatua moja.

"Mwambie," akasema, "kwamba mimi ndiye mwenyekiti wa mboga hii."

* * *

Kerubo hakumwachia Githinji nafasi ya hotuba. Alimwomba Scovia ageuke, akamwonyesha mandubu uso wa Tevin, akaeleza yote: maziwa machache, mama mkwe, soksi, bafu, taa. Mandubu alisikiliza mkono ukiwa kifuani. Alisema mkewe alimzalia watano na kila mmoja alikuwa na vita vyake vya maziwa. Halafu akakunja mikono ya kanzu.

"Anasema umefanya vizuri kutaka kuitoa nje," Scovia akatafsiri. "Ila imezoea taa. Ukiipeleka juani siku moja nzima, jua la hapa litaikausha kama karatasi. Leo nusu saa, uirudishe ndani. Kesho zaidi kidogo. Mpaka izoee, ishupae ngozi. Tena anasema uikate ncha."

"Ncha? Nikiikata si itakufa?"

"Anasema ukiikata ncha inatoa matawi. Usipoikata, inabaki kamba moja kwenda mbinguni."

Kerubo aliitazama mikebe yake. Usiku ngapi aliilinda hata jani moja lisiguswe, kumbe ilikuwa inangoja kuguswa.

Waliipandisha wote pamoja. Githinji alibeba mikebe miwili kwa mikono iliyonyooka mbele, bado akiipa nafasi. Juu paani jua lilikuwa limekaa kila mahali, juu ya tangi, juu ya sahani za televisheni, juu ya nguo za Njenga zilizokuwa zimekauka mpaka zikasimama zenyewe. Mandubu akachagua pahali mbele ya tangi, mikebe ikapangwa. Kerubo akaimwagilia, maji yakapita chini kwenye matundu ambayo Collins aliyatoboa kwa msumari.

Miche ile myembamba ilitikisika. Kila mmoja ukaangusha kivuli kidogo sakafuni, na vivuli vilikuwa imara kuliko yenyewe. Kerubo akamchukua Tevin kutoka mgongoni mwa Scovia, akamkinga uso kwa kiganja.

"Ona," akamwambia. "Na wao wametoka nje."

Mandubu akakata ncha kwa ukucha, moja moja, kwa adabu, kama anayemnyoa mtoto nywele za kwanza. Ngumi moja ikajaa. Akampa Kerubo.

"Nusu saa," Scovia akawakumbusha wote wakiteremka. "Msisahau."

Wakasahau.

Si kosa la mtu mmoja. Chinsaga haipikwi kwa haraka, na hiyo ngumi moja ilipoingia tu kwenye sufuria, vita vikaanza. Kerubo alimimina maziwa. Mandubu akapiga kelele ya uchungu kama aliyekanyagwa. Karanga, akasema. Tamaleika ni karanga iliyosagwa, ndimu na pilipili.

"Mwambie ya mzazi ni maziwa," Kerubo akasema.

"Anasema mamake alizaa tisa kwa karanga."

"Mwambie mama mkwe wangu alizaa kumi."

"Kwa kweli ni karanga," Scovia akaongeza kwa niaba yake mwenyewe.

"Mkalimani asitoe maoni," Githinji akasema. Kisha, kama mtu asiye na upande, akaamua kwamba mboga igawanywe sufuria mbili, maziwa kwa Mama Tevin na karanga kwa mandubu, na mwenyekiti aonje zote ili haki itendeke.

Alionja. Akaonja tena kuhakikisha. Njenga naye akaomba kuhakikisha. Mandubu akaonja ya maziwa kwa shingo upande, akaomba kijiko kikubwa. Kerubo alikula sahani yake polepole, Tevin akiwa kifuani, na ule uchungu ukamshuka mpaka magotini. Mtoto alinyonya. Aliachia, akamtazama mamake, Kerubo akajiandaa kwa ile sura ya nusu kikombe. Tevin akarudi kunyonya.

Hata Githinji alijua kwamba hilo halikuwa la kuwekwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Ndipo sauti ya adhana ikapita juu ya nyumba za Al Wukair. Mandubu akaweka kijiko chini ili aende kusali. Akasimama. Akajipiga paji la uso kwa kiganja.

"Tamaleika," akasema, na safari hii hakuhitaji kutafsiriwa.

Adhuhuri. Nusu saa ilikuwa imekufa zamani, ikazikwa, na matanga yakaisha.

Kerubo alimtia Tevin mikononi mwa Githinji, akakimbia. Alipanda ngazi mbili mbili, leso ikimponyoka, akihesabu hasara kabla ya kuiona: majani yaliyojikunja, yaliyobadilika kuwa kahawia, mikebe ya moto kama birika. Miezi mingine mingapi ya bafu. Vidole vingapi tena kwenye kile kipaja.

Akausukuma mlango wa paa. Mwanga ukampiga machoni, akasimama mpaka aweze kuona.

Mikebe haikuwepo.

Hakukuwa na hata mmoja. Mahali ilipokuwa imepangwa kulibaki viduara vya maji sakafuni, kimoja kando ya kingine, kwa safu, kama vilivyoachwa na vikombe mezani.

Kerubo aliinama, akagusa kimoja. Maji.

Alikuwa mwanamke wa kufua nguo kila siku, na jua lile alilijua. Maji yaliyomwagwa kwenye sakafu ile hayamalizi dakika mbili. Mikebe iliondolewa sasa hivi, yeye akiwa ngazini. Na ngazi ilikuwa moja, inayopita mlangoni mwa jiko. Jikoni alikuwa amewaacha wote, Githinji akiwa na mtoto, Njenga akiwa na sufuria, Scovia, mandubu. Collins yuko Al Sadd. Hakuna mtu aliyeshuka. Hakuna aliyempita.

Basi aliyeichukua alikuwa bado hapa.

Kiduara cha kwanza kikakauka mbele ya macho yake, kisha cha pili. Kerubo akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akaupata ufagio wa Njenga ukutani, akaushika kwa mikono miwili. Akasogea kuelekea tangi, kidole baada ya kidole, sakafu ikimchoma nyayo.

Kutoka nyuma ya tangi akasikia kitu. Akasimama asikie vizuri.

Mtu alikuwa anatafuna. Taratibu, bila haraka, kama aliyekaribishwa mezani na kuambiwa ajisikie nyumbani.

Kerubo aliinua ufagio juu ya kichwa, akapiga hatua moja zaidi.

Kutafuna kukakoma.